Santorini kwa siku moja: tazama ukuta kabla ya machweo

Anayeshuka Santorini, kisiwa cha Ugiriki, kwa siku moja huambiwa awahi mji wa Oia akaone jua likizama. Mimi ni mjiolojia, na kisiwa hiki nakipenda kwa sababu nyingine: ule ukuta wa miamba ya asili ambao miji imeukalia juu yake.

Boti ilitushusha bandari ya zamani, chini ya mji wa Fira. Mji uko juu, zaidi ya mita 200. Unaweza kupanda kwa vigari vya kwenye nyaya, kwa punda, au kwa ngazi 588. Panda kwa miguu kama magoti yanaruhusu. Punda wale nawaonea huruma.

Kusini kidogo mwa Fira kuna machimbo ya zamani, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Tabaka jeupe limesimama kama ukuta wa chokaa. Nilibandua kipande: chepesi, kimejaa vitundu, kinamomonyoka vidoleni. Ni jiwe lile lile tunalosugulia visigino, na ukilitupa majini linaelea. Hiyo ni povu ya volkano iliyoganda. Takriban mwaka 1600 KK mlima ulitapika kiasi kikubwa mno cha mawe yaliyoyeyuka, hata chumba kilichoyahifadhi chini ya ardhi kikabaki bila cha kukishikilia. Paa likaporomoka, bahari ikalijaza shimo, na ukuta huu ndio ukingo wake. Ngorongoro nayo ilizaliwa kwa kuporomoka hivyo, ila yenyewe haikupata bahari. Milipuko mingine mikubwa ilitangulia hapa. Huu ndio uliokipa kisiwa sura ya leo.

Oia nilifika kwa basi. Nyumba nyingi zimechongwa ndani ya tabaka hilo hilo laini, kwa hiyo ndani kuna ubaridi hata jua likiwaka. Lakini tetemeko la tarehe 9 Julai 1956 liliua watu zaidi ya 50 kisiwani na kuubomoa mji huu vibaya. Mengi unayoyapiga picha yamejengwa upya baada ya hapo.

Boti ya kurudi ipange alasiri. Asubuhi jua liko nyuma ya mji, ukuta wote uko kivulini. Kuanzia saa tisa mwanga unaupiga usoni: lava nyeusi, kisha wekundu, kisha mstari mweupe juu kabisa, na nyumba zimeukalia kama chumvi.