Mateka aliyefanywa mwana: maana ya kuasili mateka kwa Wamohawk

Katika habari za Amerika Kaskazini ya karne ya 17 na ya 18, kuasili mateka ni utaratibu ambao mtu aliyekamatwa vitani, mara nyingi mtoto wa upande wa adui, aliingizwa katika ukoo wa waliomkamata ili akalie nafasi ya marehemu fulani. Alipewa jina, mama, dada, wajomba na kazi za mtu aliyekufa, na tangu siku hiyo wenyeji walimhesabu kuwa mwenzao kamili. Desturi hii ilikuwako kwa mataifa mengi ya huko, lakini tunaijua zaidi kupitia Wamohawk wa bonde la mto Mohawk, katika jimbo la New York la leo. Wao ni mojawapo ya mataifa matano, yaliyofika sita mwaka 1722, ya shirikisho la Haudenosaunee, yaani Watu wa Nyumba Ndefu.

Chanzo chake ni msiba. Mmohawk alihesabiwa ukoo kwa mamaye, na koo zenyewe zilikuwa tatu: Kobe, Mbwa Mwitu na Dubu. Nyumba, mashamba ya mahindi na majina ya ukoo vilikuwa mikononi mwa wanawake wakubwa. Mtu alipofariki, jina lake lilibaki bila mwenyewe, na nyumba ikawa na pengo ambalo lilidai kuzibwa. Hapa Afrika Mashariki tumezoea mtoto kupewa jina la babu aliyetangulia. Kwa Wamohawk jina lilikuja na mzigo wake wote, pamoja na watu wa kumlilia na watu wa kuwalisha. Kama machozi hayakukauka, wanawake wa nyumba ile waliweza kuwataka vijana wa kiume wa jamaa zao wakalete mateka. Hivyo ndivyo vita vya matanga. Ushindi wake haukupimwa kwa ardhi iliyotwaliwa, na shujaa aliyerudi na mateka huku amepoteza wenzake wengi hakusifiwa, kwa sababu alikuwa ameongeza pengo badala ya kulipunguza.

Mapengo yakazidi. Ndui iliyowafikia Wamohawk mwaka 1634 iliua zaidi ya nusu yao kwa makadirio ya wanahistoria, kisha zikafuata bunduki na vita vya kugombea ngozi za wanyama. Mapadri Wajesuiti waliopita huko katika miaka ya 1650 na 1660 waliandika kwamba katika baadhi ya vijiji watu wa kuasiliwa walikuwa wengi kuliko wazaliwa. Kwa hiyo tusidhani ni jambo lililobuniwa kwa ajili ya watoto wa kizungu. Wahuron na Waalgonquin walipitia njia hiyo hiyo kwa maelfu, ila hawakuwa na jamaa wa kuwaandikia vitabu.

Namna ilivyofanyika tunaipata vizuri kwa James Smith, kijana wa miaka 18 aliyekamatwa Pennsylvania mwaka 1755 alipokuwa kwenye kazi ya kukata barabara ya jeshi. Alipelekwa kwenye kijiji cha Ohio walikoishi watu wa Kahnawake, kijiji cha Wamohawk huko Kanada, pamoja na jamaa wengine. Mtu mmoja alichovya vidole kwenye majivu ili nywele zisiteleze, akamnyonyoa kichwa chote, akabakiza kishungi utosini. Wakamtoboa pua na masikio. Kisha mzee mmoja akatoa hotuba ndefu kando ya mto na kumkabidhi kwa wasichana watatu, wakamwingiza majini hadi kiunoni na kumwonyesha kwa ishara azame. Smith akajua ndio mwisho wake, akapambana nao kwa nguvu zote, na watu ukingoni wakaangua kicheko. Mmoja wa wasichana akafanikiwa kumwambia kwa Kiingereza cha kubabaisha kwamba hawatamdhuru. Akatulia, wakamsugua.

Alipotoka alivikwa nguo mpya, akaketishwa katika nyumba ya baraza, na mzee akamweleza kupitia mkalimani kwamba damu yote ya kizungu imeoshwa mwilini mwake, kwamba sasa ni nyama na mfupa wao, na kwamba wanawajibika kumpenda na kumtetea kama wanavyowajibika kwao wenyewe. Smith alikaa nao hadi 1759, kisha akarudi kwao. Baadaye aliandika kwamba ahadi ile haikuvunjwa hata mara moja: nguo zilipokuwa haba, zilikuwa haba kwake na kwao sawasawa.

Lakini tusiipake sukari. Si kila mateka aliyeasiliwa. Wapo walioteswa hadi kufa, wapo waliofanyishwa kazi bila kuingizwa katika ukoo wowote, na wapo waliouzwa kwa Wafaransa ili wakombolewe kwa fedha. Aliyeamua nani awe nini alikuwa mara nyingi mwanamke aliyefiwa. Tena, mtoto yule yule aliyekumbatiwa leo huenda jana alimwona mama yake akiuawa na watu wa kikosi kilekile.

Hilo ndilo lililompata Eunice Williams. Alfajiri ya tarehe 29 Februari 1704, kwa kalenda ya Waingereza wa wakati ule, Wafaransa na washirika wao Waabenaki, Wahuron na Wamohawk walivamia kijiji cha Deerfield, Massachusetts. Wakazi kama 50 waliuawa na 112 wakachukuliwa mateka. Eunice alikuwa na miaka 7. Babaye, mchungaji John Williams, alichukuliwa pamoja na mkewe na watoto watano. Wengine wawili wadogo waliuawa nyumbani, na pamoja nao Parthena, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji huyo. Mama, aliyekuwa amejifungua wiki chache tu kabla, alishindwa kutembea kwenye theluji akauawa njiani. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 480 hadi Kanada. Eunice sehemu kubwa alibebwa.

Aliangukia Kahnawake, kijiji cha Wamohawk Wakatoliki karibu na Montreal. Akaasiliwa, akabatizwa Marguerite, akapewa jina la Kimohawk. Babaye alifanikiwa kumwona kwa muda mfupi, mtoto akalalamika kwamba anafundishwa sala za Kilatini asizozielewa. Gavana wa Kanada, Vaudreuil, alijaribu kumkomboa kwa fedha, mke wa gavana naye akaenda kumwombea, isifae kitu. Mjesuiti mmoja alimwambia mchungaji kwamba Wamohawk wangekubali kutoa mioyo yao kabla ya kumtoa mtoto yule. Ndugu zake wote wanne walikombolewa, na babaye akarejea Boston mwaka 1706. Eunice akabaki.

Mwaka 1713, baada ya Uingereza na Ufaransa kufanya amani, John Schuyler wa Albany alikwenda Kahnawake kumtafuta. Alimkuta msichana wa miaka 16 asiyejua tena Kiingereza, amekwisha kuolewa na François-Xavier Arosen. Padri alieleza kwamba mwanzo alikataa kuwafungisha ndoa, nao wakamjibu kuwa wataishi pamoja akitaka asitake, akasalimu amri. Schuyler akamsihi kupitia wakalimani wawili. Kimya. Akapunguza ombi: aende tu kumwona babaye, kisha arudi akitaka. Kimya. Baada ya karibu saa mbili, Eunice alitamka maneno mawili ya kukataa, basi. Mumewe ndiye aliyetoa sababu: kama babaye asingeoa tena, angekuwa amekwisha kwenda kumwona zamani.

Mimi huona sentensi hiyo ya Arosen ina uzito kuliko inavyopewa. Mchungaji Williams alioa tena mwaka 1707, mwaka mmoja tu baada ya kurudi. Kwake ilikuwa kawaida ya mjane mwenye watoto. Kwa binti aliyekulia Kahnawake, nafasi ya mamaye Deerfield ilikuwa imezibwa na mtu mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa ameziba nafasi ya mtu mwingine huku. Arudi kwa nani?

Ndiyo maana sipendi sana masimulizi yanayomchora Eunice kama mtu aliyekosa usingizi maisha yake yote kwa kushindwa kuchagua. Huko ni kumvika majonzi ya babaye. John Williams alimwombea hadharani, akaenda Kanada mwenyewe mwaka 1714, akarudi mikono mitupu, na akafa mwaka 1729 bila kumpata. Upande wa Deerfield kidonda kilikuwa wazi kwa sababu mbili: mtoto hayupo, na mtoto amekuwa Mkatoliki, jambo ambalo kwa Mpuritani, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali, lilitisha karibu kuliko kifo. Upande wa Kahnawake, mwenye watoto na mashamba hakuwa akisubiri kuokolewa. Jina lake la utu uzima, Gannenstenhawi, linaelezwa kuwa na maana ya "analeta mahindi", na hiyo ndiyo kazi iliyompa mwanamke wa huko sauti katika nyumba yake.

Hata hivyo hakukata undugu. Mwaka 1740, akiwa na miaka 43, alikutana na kaka yake Stephen huko Albany, akaja na mumewe hadi nyumbani kwa kaka huyo, Longmeadow. Walizungumza kwa mkalimani. Alirudi tena mwaka uliofuata, tena mwaka 1743, na mara ya mwisho mwaka 1761. Kila mara ndugu walimsihi abaki, kila mara aliondoka. Stephen, ambaye naye aliwahi kuwa mateka wa Waabenaki kabla ya kukombolewa, alikuwa mchungaji na aliandika mambo hayo katika shajara yake kwa uchungu. Kwa Eunice ilikuwa ziara ya dada kwa kaka. Alifariki Kahnawake mwaka 1785, akiwa na miaka 89.

Hakuwa peke yake. Abigail Nims na Josiah Rising, waliotekwa Deerfield siku ile ile wakiwa watoto, walioana Kanada mwaka 1715 na wakagoma kurudi. Mwaka 1764 Kanali Henry Bouquet wa jeshi la Uingereza aliwalazimisha Washawnee na Wadelaware, mataifa ya Ohio, kurudisha mateka zaidi ya 200. Baadhi ilibidi wafungwe kamba ili wapelekwe kwa jamaa zao, na wako wanawake waliotoroka baadaye wakarudi msituni. Umri ulikuwa na uzito mkubwa: mtu mzima alirudi akipata nafasi, mtoto wa chini ya miaka 12 au hivi alisahau lugha upesi, na wasichana walibaki zaidi kuliko wavulana.

Uzao wa Eunice ulibaki Kahnawake na kuchukua jina la Williams, jambo lisilo geni mahali ambapo mtu huhesabiwa kwa mama. Kitukuu wake Eleazer Williams alisoma kwa ndugu wa Massachusetts, akawa mhubiri wa Kianglikana kwa Waoneida, taifa jingine la Haudenosaunee, na kuwaongoza baadhi yao kuhamia Wisconsin. Angeweza kujivunia nasaba yoyote kati ya mbili alizokuwa nazo. Uzeeni akatangaza kwamba yeye kwa kweli ni mwana aliyepotea wa mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, na kwa muda magazeti ya Marekani yalimsikiliza.