Grosari ya zamani, leseni mpya

Mwezi wa tatu na wa tisa simu yangu hailali. Ndiyo miezi ambayo leseni za vileo zinakaribia kuisha, na wenye baa na grosari wa Dar es Salaam wanakumbuka ile karatasi iliyotundikwa nyuma ya kaunta. Nilikaa miaka mingi ndani ya dirisha nikiwa afisa biashara wa halmashauri, siku hizi niko nje ya dirisha nawasaidia wafanyabiashara kuandaa maombi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mimi nipo hapa miaka yote, kwa nini niombe upya kama mgeni?"

Naelewa uchungu wake. Lakini Sheria ya Vileo, Sura ya 77, iliyotungwa mwaka 1968, inahesabu nusu mwaka nusu mwaka: Aprili 1 hadi Septemba 30, halafu Oktoba 1 hadi Machi 31. Ukikata leseni Agosti, itaisha Septemba 30 sawa na ya mwenzako aliyekata Aprili. Tarehe ikipita, leseni imekufa, iwe ya duka lililofunguliwa juzi au la tangu enzi za Mwalimu. Ukongwe haukupi msamaha. Unakupa kitu kingine, nitakifikia.

Kwanza niwapeleke Tandika, kwa mama mmoja aliyeniita baada ya kutembelewa na wakaguzi. Leseni yake ilikuwa kwenye fremu ya picha, kioo kimefutwa kikang'aa, karatasi ndani imegeuka rangi ya chai. Tarehe ilikuwa imepita vipindi viwili. Yeye alidhani hilo ndilo kosa lake. Mimi nilikuwa natazama nje, barazani: kreti nne zimepinduliwa, ubao umelazwa juu yake, wazee watatu wanacheza drafti na kila mmoja ana chupa yake.

"Mama, hawa wazee ndio shida kubwa kuliko tarehe."

"Mwanangu, hawa ni majirani zangu. Wamekaa hapo kabla mume wangu hajafariki."

Tatizo ni kwamba leseni yake ilikuwa ya rejareja ya kuuza mteja achukue akanywe kwake. Sheria inatofautisha kabisa leseni hiyo na ile ya kunywea palepale. Mtaani kwetu neno "grosari" limefuta mpaka huo: ukimwambia mtu wa Dar tukutane grosari, anajua mnakwenda kukaa na kunywa, wala hawazii kununua sukari na unga. Ofisini mpaka bado upo. Chupa ikishafunguliwa barazani kwako, umekuwa baa, na baa inaulizwa mambo ambayo duka haliulizwi, kuanzia choo cha wateja. Na ina saa zake: siku za kazi baa ya kawaida ni saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Hoteli, migahawa na klabu za wanachama zina leseni za aina yake, na sherehe ya siku moja ina leseni yake ya muda. Usiende kwa jina lililoandikwa kwenye kibao chako. Soma leseni imekuruhusu nini.

Ukaribu haufuti sheria popote, na hapa nasema kwa msisitizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumuuzia mtoto pombe. Nimeona watoto wa miaka tisa wametumwa na baba zao, noti mkononi, "anko, baba amesema bia mbili, atalipa chupa kesho." Muuzaji anatoa kwa kuwa anaijua familia. Anayebeba kosa hilo ni wewe uliyetoa chupa.

Sasa ule ugomvi wa nani alitangulia. Baa ipo, inakuja shule ya awali ukuta kwa ukuta, au kanisa, na majirani wanapeleka pingamizi wakati wa kuhuisha leseni. Mwenye baa anasimama na hoja moja tu, mimi nilitangulia. Nikiwa ofisini niliwaona wengi wakishindwa kwa hoja hiyo, na wachache wakipona kwa jalada. Wale waliopona walikuja na leseni za vipindi vyote vilivyopita, stakabadhi za malipo, ripoti za afisa afya, na barua ya mtendaji wa mtaa kwamba hapajawahi kuripotiwa fujo. Ndicho kitu ambacho ukongwe unakupa: ushahidi wa mwenendo, kama uliutunza. Duka la miaka ishirini lisilo na karatasi moja ni sawa na duka la leo asubuhi.

Karatasi hizo zimewaokoa wengi hata mipaka ilipobadilika. Manispaa ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, wapo wafanyabiashara wa Sinza na Kimara ambao jalada lao lote lilikuwa Kinondoni. Mwenye nakala zake alizipeleka ofisi mpya.

Wengine wananikumbusha viroba, kwamba pale serikali ilitoa muda. Tusome vizuri. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki mwisho wake ni kuanzia Machi 1. Walioambiwa wanaweza kuomba muda mfupi ni viwanda vilivyokuwa na mpango wa kuhamia kwenye chupa. Mwenye duka aliyejaza stoo hakuwemo. Wapo walioweka mtaji wote humo na hadi leo siwezi kulizungumza jambo hilo bila kuumia. Tangu hapo nawaambia wateja wangu: msamaha ukitajwa, uliza umeandikiwa nani na unaisha lini.

Kelele zina mlango mwingine. Leseni yako ikiwa hai, NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, bado inaweza kukufungia kwa muziki unaozidi viwango vya kanuni za mwaka 2015. Geuza spika zitazame ndani.

Mama wa Tandika alikuwa na njia mbili, kuomba leseni ya kunywea palepale na kujenga choo, au kubaki duka na kuondoa kreti. Nafasi ya choo haikuwepo. Aliziondoa mwenyewe jioni ileile, moja moja, wazee wakimsaidia kubeba ubao. Tulijaza maombi kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa simu ya mjukuu wake, tukachagua aina ileile ya kuuza na kuchukua. Kipindi kilichofuata alinipigia mwezi wa pili. Wazee wanacheza drafti chini ya mwembe wa jirani, na bia wanakunywa nyumbani kwao.