Gari linachemsha? Usikubali themostati itolewe

Toyota ndogo ya mwaka 2003 ikichemsha kwenye mlima wa Newala, ushauri wa kwanza utakaousikia kijiweni ni huu: toa themostati, maji yapite yenyewe. Gari hutulia siku chache, mwenye gari anashukuru, kisha linachemsha tena na safari hii hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, inapinda. Kazi ya kulitibu unaweza kuifanya mwenyewe uani kwa spana za 10, 12 na 14, plaizi, ndoo na asubuhi moja. Sharti ni utafute chanzo kabla hujafungua kitu.

Themostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya gari, mpaka injini ipate moto. Kwenye injini ya 1NZ-FE, iliyomo ndani ya IST, Platz, Raum na Spacio nyingi zinazotembea Mtwara na Lindi, mlango huo huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiutoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kudhani ni ya baridi na kuongeza petroli, na oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu unaojikusanya ndani. Kuna injini nyingine ambazo themostati yake ina sahani ya pili ya kuziba njia ya mkato. Hizo ukiitoa, maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Wakati wote huo rejeta iliyoziba au feni iliyokufa bado iko palepale.

Angalia gari linachemsha wakati gani. Likichemsha limesimama, sokoni au kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, lakini likitembea linapoa, shuku feni. Likichemsha kwenye mlima au mwendo mrefu wa kwenda Masasi huku mjini halina shida, shuku rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, maji yamepungua sana, themostati imeganda ikiwa imefunga, au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Gari nyingi ndogo za miaka hiyo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari tu. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa: zima AC, fungua hita hadi mwisho, egesha, zima injini. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka mpira wa juu, bomba linaloleta maji ya moto kwenye rejeta, uwe wa baridi mkononi.

Feni ndiyo rahisi kuipima. Washa injini, washa AC. Feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilisha rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine ya aina ileile kwenye boksi hilohilo. Bado? Chomoa soketi ya mota na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi. Ikizunguka, mota ni nzima na tatizo liko kwenye waya. Hapa pwani chumvi ya hewani hula shaba, na ndani ya soketi utakuta unga wa kijani. Usafishe kwa brashi ndogo na kisafisha nyaya, na usiisahau waya ya hasi inayofungwa kwenye bodi. Mota nyingi hutupwa kwa sababu ya ule unga tu.

Kisha nenda kwenye maji yenyewe, na hapa ndipo gari za kwetu zinapoumia zaidi. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi au magumu. Maji hayo yakichemka na kupoa kila siku yanaacha magaga ndani ya vimirija vya rejeta, na chumvi inakula alumini ya hedi na pampu. Tumia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo kwa makini, maana asidi ya betri huuzwa kwenye duka hilohilo na chupa zinafanana. Kulanti si kwa ajili ya nchi za barafu peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu, inalainisha sili ya pampu, na inachelewesha kuchemka. Ukikwama njiani, maji yoyote ya kunywa yanafaa kukufikisha, ila ukifika yamwage yote na usafishe mfumo.

Kifuniko cha rejeta watu hukidharau. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hicho ndicho kipimo cha shinikizo kinachoshikilia. Kwa shinikizo la 0.9 maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukipasuka yanachemka kwenye 100. Weka alama ya kalamu kwenye tangi la akiba asubuhi injini ikiwa baridi. Gari likipata moto kina kinapanda, likipoa kinapaswa kurudi kwenye alama. Kikibaki juu huku rejeta ikipungua, kile kivalvu kidogo cha katikati ya kifuniko hakivuti tena, au kimrija cha tangi kina tundu. Nunua kifuniko kipya chenye namba ileile. Usipandishe namba kwenye rejeta ya zamani: matangi yake ya plastiki yakishageuka kutoka weusi kuwa kahawia, yamekauka na yatapasuka shingoni.

Sasa themostati. Mwaga maji kwenye koki ya chini ya rejeta, injini ikiwa baridi. Kwenye 1NZ alternata inaziba nafasi, kwa hiyo chomoa hasi ya betri, legeza mkanda, shusha alternata, ndipo utaona bomba la mpira wa chini lililoshikwa na nati mbili za 10; themostati iko nyuma yake. Iliyotoka ichemshe kwenye sufuria: ikiwa baridi iwe imefunga kabisa, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Mpya nayo ipime kabla ya kuifunga, kwa sababu za bandia ni nyingi. Kile kijipini kidogo cha kupitishia hewa kikae juu. Pete ya mpira inatosha yenyewe, usipake silikoni. Vipande vyake vinakatika na kwenda kuziba rejeta. Nati hizo zinahitaji Nm 9 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kiganja.

Kujaza kuna uvumilivu wake. Mfumo unachukua lita tano hivi, ingawa kwenye koki hazitoki zote. Inua pua ya gari kidogo, fungua hita, mimina polepole huku ukiminya mipira ya juu na ya chini ili hewa itoke. Washa bila kifuniko, ongeza kadiri kina kinavyoshuka, na mpira wa chini ukishapata moto ujue mlango umefunguka. Funga kifuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kesho yake asubuhi angalia tena, karibu kila mara utaongeza kidogo.

Mapezi ya rejeta na ya kondensa, kipoza cha AC kilicho mbele yake, yaoshe kwa maji ya mpira wa bustani, ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha inayalaza, na yakishalala hewa haipiti.

Kulanti ya zamani iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Ina utamu, na ni sumu kwa mbuzi, mbwa na watoto.

Ukiona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au mpira wa juu unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha, hiyo ni gasketi ya hedi, na inahitaji fundi mwenye vipimo. Mwambie aweke rula ya chuma juu ya hedi mbele yako: upande wa silinda, Toyota inaruhusu kupinda kwa mm 0.05 tu, zaidi ya hapo ipelekwe kuchongwa. Boliti za hedi ya 1NZ zikazwe kwa Nm 29, kisha zizungushwe nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha 90 nyingine. Fundi anayezikaza kwa kukisia, chukua gari lako.