Kujikaza Si Kupona: Maswali Kuhusu Hisia Zinazofungiwa Moyoni

Ninahudumu katika zahanati moja ya Eastlands, Nairobi. Maswali haya nayasikia kila wiki, mengine kutoka kwa wagonjwa, mengine kutoka kwa wake na mama zao.

Kufungia hisia ni nini?

Ni kuhisi huzuni, hasira au woga, kisha ukajilazimisha usionyeshe wala usiseme. Mara moja moja si neno. Makanga aliyetukanwa na abiria hana budi kumeza mate aendelee na kazi. Ubaya ni kumeza kila siku bila siku ya kutua mzigo.

Mwili unahusikaje na mambo ya moyoni?

Ukikasirika au kuogopa, mwili hutoa homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, presha hupanda, shingo na mabega hukaza. Kukunjua uso hakuzimi hayo. Yakidumu kwa miezi, usingizi hukatika, kichwa huuma na tumbo husokota.

Alikuja fundi wa mjengo na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za dawa za tumbo na za kichwa, tembe zote zimeisha. Presha yake ilikuwa 160/100. Nikamwuliza, "Kaka, mara ya mwisho kulala usiku kucha ni lini?" Akainama, akaanza kubandua saruji iliyokaukia kwenye kucha. "Kabla hatujamzika ndugu yangu," akasema. Walikuwa wamemzika miezi saba nyuma. Muda huo wote hakuna aliyemwona akilia, na kila mtu alimsifu kwa hilo.

Lakini mwanamume si anapaswa kujikaza?

Hapana. Kujikaza kutakusaidia kubeba jeneza siku ya mazishi, lakini hakutakuponya. Nawaomba wazazi na wazee, acheni kumwambia mtoto wa kiume "nyamaza, wewe si msichana." Huyo mtoto ndiye ninayempokea akiwa na miaka 40, amechelewa, na bado anasema ni vidonda vya tumbo tu.

Nikinywa kidogo mawazo hupungua, kuna ubaya gani?

Hupungua hadi asubuhi. Pombe huharibu usingizi na kuzidisha huzuni, na deni la baa huongeza jambo jingine la kuficha.

Basi nifoke ili nipumue?

Hapana pia. Kumfokea mke au kumchapa mtoto hakupunguzi hasira, huizoesha tu. Ondoka kwanza, tembea, vuta pumzi taratibu, kisha rudi useme: "Nimeumia kwa sababu ulifanya hivi." Itaje hisia kwa jina lake. "Niko tu sawa" si jina la hisia.

Tafuta mtu mmoja anayetunza siri: dada, rafiki, mchungaji, imamu. Kama mdomo unagoma, andika kwenye daftari dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, bila kujali tahajia. Na kilio kikija, lia. (Wewe unayemsikiliza rafiki akilia, usimkatize kwa "yataisha." Kaa naye tu.)

Niende hospitali lini?

Ukikaa wiki mbili huna raha, hulali, huli au hufurahii chochote, nenda. Usisubiri miezi saba kama yule fundi. Maumivu ya kifua ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Usijiambie ni mawazo kabla hujapimwa.

Mtu akisema amechoka kuishi, nikimwuliza si nitampa wazo?

Humpi wazo. Narudia, kwa sababu kosa hili linaua: kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo. Humpa nafasi ya kusema. Mwulize leo, wala usingoje wikendi familia ikutane. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu nyumbani, mpeleke hospitali iliyo karibu. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, pia wapo, kwenye barabara ya Thika. Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa 1199.

Hatakamatwa na polisi?

Wengi hukaa kimya kwa hofu hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mlete. Sisi tutampokea kama mgonjwa.