Galois alikufa akiwa na miaka mingapi?

Mwandishi mmoja alituletea rasimu ya makala ya kamusi elezo kuhusu Évariste Galois, mwanahisabati Mfaransa. Tarehe zilikuwa sahihi: kuzaliwa 25 Oktoba 1811, kufariki 31 Mei 1832. Kisha akaandika kwamba marehemu alikuwa na miaka 21. Alitoa 1811 kwenye 1832, basi. Lakini Mei hutangulia Oktoba. Galois alikufa na miaka 20. Msomaji akikuta kosa la kutoa kwenye makala ya mtu wa hesabu, ataamini nini tena humo?

Kubwa kuliko hilo ni ngano. Husimuliwa kwamba usiku wa kuamkia pambano la bastola lililomuua, kijana huyu alikesha akibuni nadharia nzima. Ni kweli usiku ule alimwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu akifupisha kazi zake, na pembeni mwa mswada mmoja akaandika kwamba hana muda. Ila kazi yenyewe ilikuwa ya miaka. Aliiwasilisha Akademia ya Sayansi ya Paris tangu 1829. Mswada wa 1830 ulipotea baada ya Joseph Fourier, katibu wa Akademia aliyekuwa nao, kufariki; wa 1831 ulirudishwa, mkaguzi wake Siméon Poisson akisema hoja zake hazijaeleweka vya kutosha. Ngano hiyo usiifute, maana wasomaji watakuja wakiitafuta. Iite ngano, na kando yake weka miaka hiyo.

Sehemu inayokimbiwa ni hisabati. Rasimu ilikuwa na aya nne za bastola na jela, halafu sentensi moja: "alichangia sana hisabati." Alichangia nini? Mwanafunzi wa sekondari anaijua kanuni ya kupata majibu ya mlinganyo wa kwadratiki, yaani wa kipeo cha pili. Kipeo cha tatu na cha nne navyo vina kanuni zake. Kwa kipeo cha tano, Niels Abel wa Norwei alithibitisha mwaka 1824 kwamba kanuni ya jumla ya namna hiyo haipo. Galois akaonyesha jinsi ya kutambua mlinganyo upi unakubali kanuni kama hiyo na upi unakataa, kwa kuchunguza namna majibu yake yanavyoweza kubadilishana nafasi. Mkusanyo wa mabadilishano hayo huitwa kundi.

Hapa msomaji atapotea, kwa sababu kundi analolijua yeye ni la mbuzi. Mpe mfano. Chukua x² = 2: majibu ni mawili, moja chanya, jingine hasi. Yabadilishe nafasi. Ukiyajumlisha bado unapata 0, ukiyazidisha bado unapata −2. Kuyaacha yalivyo na kuyabadilisha nafasi: hayo mawili ndiyo kundi la mlinganyo huu.

Wala usiandike kwamba aliitikisa hisabati mwaka 1832. Miswada yake mikuu ilichapishwa na mwanahisabati Joseph Liouville mwaka 1846, miaka 14 baadaye.

Rasimu ilirudi kwa mwenyewe imejaa wino mwekundu. Ilipokuja tena, bastola zilikuwa na aya moja, na kundi aya tatu.