Mangeaient ni silabi mbili tu jamani

Juzi namsaidia mdogo wangu kazi ya Kifaransa, nakuta kachukua neno mangeaient (walikuwa wanakula) kalikatakata kwa penseli: man/ge/a/i/ent. Vipande vitano. Namuuliza kwa nini, anasema "dada, si kila irabu ni silabi?" Na simlaumu, kwa Kiswahili ndo hivyo hasa, walipika ina irabu nne na silabi nne, wa-li-pi-ka, unachokiona ndo unachokitamka.

Kifaransa silabi unahesabu kwa sikio. Mangeaient ina herufi 10 ila sauti ni nne tu: m, halafu a inayopitia puani (hiyo n huitamki peke yake, ulimi haugusi juu), halafu g laini kama zh, halafu e ya kufungua mdomo. Man-geaient. Basi, imeisha.

Wengine wanasema ile e katikati ni mwanzo wa kiambishi cha wakati uliopita, sio kweli kabisa, kiambishi ni -aient. Ile e ni mlinzi wa g. G ikikaa mbele ya a, o au u inasomwa ngumu kama ga yetu, ikikaa mbele ya e au i inakuwa laini, sasa kwa vile -aient inaanza na a wanachomeka e ili g isibadilike. Ushahidi upo: ukiandika nous mangions (tulikuwa tunakula) e inaondoka, maana i inamlainisha g yenyewe. Kwa hiyo ukiandika mangeions umekosea, na hili kosa naliona sana. Commencer (kuanza) nayo ina shida hiyohiyo ila wao wanamalizia kwa kimkia chini ya c, commençaient.

Halafu -ent. Watu wanaisoma kama ya souvent (mara nyingi), yaani a ya puani. Hapana, -ent ya "wao" kwenye kitenzi haisikiki. Angalia neno couvent: likiwa nyumba ya watawa ni silabi mbili, kou-van ya puani, ila les poules couvent (kuku wanaatamia) unasikia kouv tu, imekatika hapo, na maandishi ni yaleyale.

Ila usidhani t imekufa. Ukigeuza swali, mangeaient-ils, t inaamka na kuhamia silabi inayofuata: man-geai-tils, zimekuwa tatu.

Kingine, silabi na mofimu (kipande cha neno chenye maana yake) sio kitu kimoja, hata kwetu. Walipika silabi ni wa-li-pi-ka lakini mofimu ni wa-li-pik-a. Mangeaient nayo ina shina mang, ule mlinzi e, ai ya wakati, ent ya wao, vyote vimebanwa kwenye silabi mbili.

Na kuna wanaosema wingi unasikika mwishoni. Il mangeait (alikuwa anakula) na ils mangeaient (walikuwa wanakula) ukizitamka ni sauti ileile moja, muktadha tu ndo unakuokoa. Chukua kitenzi kinachoanza na irabu sasa: il aimait (alikuwa anapenda) ni i-lai-mait, ils aimaient (walikuwa wanapenda) ni il-zai-maient. Ile z ndo "wao", imekaa mbele ya kitenzi, palepale tunapoweka wa- yetu.