Ushamiri si maambukizi mapya

"Asilimia 23 ya watoto wa Tabora wanaugua malaria kila mwaka." Nimeisikia kwenye kikao cha kata, nimeisikia redioni, na sasa inazunguka kwenye simu ikiwa imepambwa kwa picha ya mbu mkubwa kama kuku. Namba yenyewe ni ya kweli. Kilichoizunguka ndicho kibovu: si wanaugua, si kila mwaka, na si watoto wote.

Maana kwanza, kwa haraka. Ushamiri ni sehemu ya watu walio na ugonjwa au kimelea fulani kwa wakati mmoja uliochaguliwa, awe mtu kaupata jana au miaka kumi iliyopita. Maambukizi mapya ni idadi ya walioupata ndani ya kipindi fulani, tuseme mwaka, kati ya watu ambao wangeweza kuupata. Hesabu ya kwanza ni ya waliomo, ya pili ni ya wanaoingia. Shida yetu ni kwamba kwenye taarifa za habari zote mbili huitwa "kiwango cha maambukizi", na msikilizaji anaachiwa abahatishe ni ipi.

Ukitaka kuona zinavyohusiana, nenda stesheni ya Tabora siku treni imechelewa. Wanaoingia mlangoni ni walewale wa siku zote, pengine hata wamepungua. Lakini ndani hapakanyagiki: watu wamelala juu ya mizigo, watoto wanalia, muuza maji anaruka miguu. Anayefika muda huo ataapa kwamba mji mzima unahama. Wala hauhami, ni kwamba walioingia hawajatoka. Ushamiri nao hupanda kwa njia mbili: ama wanaoingia wameongezeka, ama waliomo wanakaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana wataalamu, hali inapokuwa imetulia, huukadiria kwa kuzidisha maambukizi mapya kwa muda ambao ugonjwa humkaa mtu.

VVU ndivyo vinavyowachanganya wengi hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, yaani kama watu milioni 1.5. Utafiti huohuo ukakadiria kwamba wanaopata maambukizi mapya ni kama 60,000 kwa mwaka. Namba mbili ndani ya ripoti moja, na kila moja ina swali lake. Ya kwanza inamhusu anayeagiza dawa, maana milioni 1.5 wote wanazihitaji, wa zamani na wa juzi. Ya pili ndiyo inayotuambia kama juhudi za kuzuia virusi visienee zinazaa kitu.

Sasa, tangu Oktoba 2016 Tanzania humwanzishia dawa kila anayekutwa na virusi, bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Mtu ambaye zamani tungemzika baada ya miaka michache leo yupo, analima, analea wajukuu, na kila utafiti ukipita anahesabiwa tena miongoni mwa waliomo. Akizitumia dawa vizuri na virusi vikafubaa, hamwambukizi mwenza wake. Kwa hiyo dawa ileile inausukuma ushamiri juu kwa kumweka mtu hai, na inayashusha maambukizi mapya kwa kuvifubaza virusi. Anayesema "dawa zimegawiwa miaka yote hii na bado asilimia haishuki, basi hazifanyi kazi" analalamikia, bila kujua, kwamba watu hawafi. Kinyume chake nacho kipo. Ushamiri ukishuka haraka, kabla hujashangilia uliza walioondoka wameondokaje. Wagonjwa wakifa kwa wingi asilimia hushuka bila taabu yoyote, na hakuna wa kupongezwa.

Utauliza, kama maambukizi mapya ndiyo yanayopima juhudi za kuzuia, kwa nini tusitangaziwe hayo tu? Kwa sababu ni magumu kuyapata. Ushamiri unaupata kwa kupita nyumba kwa nyumba mara moja, unapima, unahesabu, unarudi. Maambukizi mapya yanataka ama uwafuate watu walewale kwa miaka na kuwapima tena na tena, ama utumie kipimo cha maabara kinachotofautisha aliyeambukizwa karibuni na wa siku nyingi. Hicho huangalia jinsi kingamwili zinavyoshika kirusi: za mtu wa miezi michache bado zina mshiko mlegevu, za mtu wa miaka zimekaza. Kisha huangaliwa pia wingi wa virusi na kama damu ina dalili za dawa, maana anayetumia dawa anaweza kuonekana kama mgeni wakati ni mkongwe.

Na hapa kuna kosa jingine lililozoeleka mno. Kampeni ya upimaji inakuja wilayani, wanapimwa maelfu, wanakutwa watu kadhaa ambao hawakuwa wanajijua, na kesho yake inatangazwa kwamba "maambukizi mapya yameongezeka". Hapana. Waliogundulika wapya wameongezeka. Mmoja wao huenda ana virusi tangu kabla mtangazaji hajaanza kazi.

Kipindupindu kimekaa upande wa pili kabisa. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika huko Kigoma, ugonjwa ulilipuka, na ndani ya wiki chache wagonjwa wakapita 3,000 na vifo vikazidi 30. Hakuna aliyeuliza ushamiri wake, na hakuna sababu ya kuuliza. Aliyewahiwa kwa maji ya chumvichumvi na dripu hutoka baada ya siku chache, asiyewahiwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Ukipita na vipimo mwezi mmoja baadaye huenda usikute mtu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo kinachoangaliwa ni leo wameingia wangapi kuliko jana. VVU na kipindupindu kwa hiyo havilinganishwi kwa namba moja, ingawa nimeona jedwali la mafunzo likifanya hivyo bila aibu.

Turudi kwenye malaria, maana iko katikati na ndiyo inayotusumbua zaidi Tabora. Namba 23 imetoka kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022, na inahusu watoto wa miezi 6 hadi 59. Wa darasa la pili hayumo. Mtoto alitobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo cha haraka, likafuatiwa na matone ya kimiminika, wakangoja dakika kama kumi na tano. Mstari mmoja, hana. Miwili, amehesabiwa kuwa anayo. Kitaifa waliohesabiwa hivyo walikuwa asilimia 8, Tabora wakawa 23, juu kuliko mikoa yote.

Lakini mistari miwili haisemi kwamba mtoto anaumwa. Kipimo kinanasa protini inayoachwa na kimelea ndani ya damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dozi yake ya mseto wiki iliyopita, na ambaye wakati wa kupimwa alikuwa juu ya mwembe, anatoa mistari miwili sawasawa na aliyelala na homa. Kuna wengine wana vimelea kweli lakini hawaugui, maana panapokuwa na malaria nyingi mwili huzoea kuishi nayo kiasi. Hao hawaji zahanati, hawapewi dawa, na mbu akiwauma huondoka na vimelea akawapelekee wengine. Kwa anayetafiti jinsi malaria inavyoenea, watoto hao wasio na homa ni kundi muhimu sana, na ushamiri ndio unaowaonyesha. Kwa hiyo siudharau ushamiri. Ninachokataa ni kuuita wagonjwa wa mwaka.

Wagonjwa wa mwaka ni hesabu nyingine, na tabia yake ni tofauti. Mtoto mmoja anaweza kuugua malaria Januari, Aprili na tena Desemba, na atahesabiwa mara tatu, kwa kuwa ameambukizwa mara tatu. Ndiyo maana hesabu hii hutolewa kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na kwa nadharia inaweza kupita 1,000. Ushamiri hauwezi kupita asilimia 100 hata ufanyeje.

Halafu kuna majira. Utafiti wa 2022 ulipita kati ya Februari na Julai, mvua za masika zikiwamo na mashamba ya mpunga yakiwa bado na maji. Ule wa 2017, ambao Kigoma ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 24, ulifanyika kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vijiweni tayari watu wameshahitimisha kwamba Kigoma wametukabidhi kijiti. Inawezekana hali imebadilika kweli, maana vyandarua, dawa na upuliziaji havikufika kila mahali kwa kiasi kimoja. Ila ushamiri ni hesabu ya siku ya kupima, na siku ya Aprili si siku ya Oktoba. Kuuweka mkoa mmoja wa masika kando ya mwingine wa kiangazi kinachoelekea vuli, kisha kutoa kombe, ni haraka isiyo na faida.

Iko namba ya tatu, na hii ndiyo ninayoomba tuishughulikie polepole, maana wanaoikosea ni wenzetu wa vituoni wanaofanya kazi nzito kwa mishahara midogo. Ni kiwango cha waliokutwa nayo kati ya waliopimwa. Zahanati ikipima watu 100 wenye homa na 40 wakawa na malaria, hiyo 40 si ushamiri wala si maambukizi mapya ya kata. Waliopimwa walikuja kwa sababu walijisikia vibaya. Waliobaki nyumbani wakiwa wazima hawamo kwenye hesabu, na wao ndio wengi. Wajawazito ni afadhali kidogo, kwa kuwa tangu 2014 hupimwa malaria hudhurio la kwanza la kliniki hata kama hawana homa, na ndiyo sababu wataalamu huwatumia kufuatilia mwenendo wa malaria kati ya utafiti mmoja na mwingine. Hata hivyo ni wajawazito, siyo kata.

Kwa hiyo kwenye taarifa ya mwezi, pale ambapo tumezoea kuandika "asilimia 40 ya wananchi wana malaria", tuandike "asilimia 40 ya waliopimwa kituoni mwezi huu walikutwa na malaria", na kando yake tutaje walipimwa wangapi. Inaongeza mstari mmoja tu kwenye karatasi, na mganga mkuu wa wilaya hatalazimika kupiga simu kuuliza.